Mafuta Gani Yanafaa Bunduki Yako? Mwongozo kwa Mwenye Cheti, Kuanzia Kisumu hadi Nakuru

Maswali ni yale yale kila mtu anapopata cheti chake cha kwanza cha silaha. Mafuta ya cherehani yanafaa? Na WD-40 je? Fundi wa pikipiki amenijazia oili kwenye chupa ya soda, niitumie? Halafu lile linalowakera wengi zaidi: mbona ninapaka mafuta kila mwezi na bado slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma, ina madoa ya kutu?

Mwenye haraka achukue jibu hili aende nalo: nunua chupa ndogo ya mafuta yaliyotengenezewa bunduki, yale yenye herufi CLP, paka kidogo kuliko unavyodhani, na ufute mara nyingi kuliko unavyopenda. Wengi hilo litawatosha. Anayetaka kujua sababu, au ambaye hapati chupa hiyo kwa urahisi, aendelee.

Kuna jambo moja linaloamua mengine yote. Bunduki ya raia hapa kwetu haifi kwa kusagika. Mlengaji wa mashindano anaweza kumaliza maelfu ya risasi kwa mwaka, na huyo ana haki ya kuwaza juu ya chuma kulika chuma. Yako italala kabatini au itakaa kiunoni, ifyatuliwe siku chache uwanjani, basi. Adui yake ni kutu. Kwa hiyo mafuta yapime kwanza kwa jinsi yanavyozuia unyevu, ndipo uulize yanateleza kiasi gani. Mengi utakayosoma mtandaoni yameandikwa na watu wa Kanada na Alaska, wanaohofia mafuta kuganda kwa baridi. Hata alfajiri ya Molo haigandishi mafuta ya bunduki. Sisi tuna ziwa, tuna mvua za masika, tuna jasho, na upande wa Nakuru tuna vumbi.

Kabla ya kuanza

Haya ni maelezo ya mtu mwenye cheti halali chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kufuta, kupaka mafuta na kufungua silaha kwa kiwango kinachoelezwa kwenye kijitabu chake ni kazi ya mwenyewe. Kuitengeneza ni habari nyingine: sheria hiyo inamtaka anayetengeneza silaha kwa biashara awe amesajiliwa. Fundi wa kufuli wa jua kali, hata awe na mikono ya dhahabu, si mtu wa kupelekewa bastola.

Andaa vitu hivi:

- Kijitabu cha silaha yako. Kama kilipotea, watengenezaji wengi wameviweka kwenye tovuti zao.
- Chumba chenye hewa, meza yenye mwanga, na mlango unaofungika. Watoto wasiwepo, na wageni pia.
- Vitambaa vya pamba. Fulana kuukuu iliyofuliwa ndiyo bora. Kitambaa kinachoacha nyuzi hakifai.
- Mswaki wa zamani, na vijiti vya pamba vya kusafishia masikio.
- Fimbo ya kusafishia mtutu, au kamba ya kuvuta, yenye ukubwa unaolingana na risasi zako. Brashi yake iwe ya shaba au nailoni.
- Kiyeyusho cha masizi ya baruti, na mafuta uliyochagua.
- Miwani ya kukinga macho na glavu nyepesi. Springi hazina huruma.
- Vipakiti vya kukausha unyevu, kama vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ila vikubwa zaidi.

Usile wala usinywe chai ukiwa kwenye kazi hii. Masizi ya risasi yana madini ya risasi (lead), nayo ni sumu inayoingia polepole. Ukimaliza nawa kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa ugali.

Hatua ya 1: Hakikisha haina risasi, kisha hakikisha tena

Elekeza mdomo wa mtutu mahali ambapo risasi ikitoka haitamdhuru mtu. Kidole kikae nje ya kifyatulio. Toa magazini kwanza. Kisha vuta slaidi au bolti nyuma, risasi iliyo ndani ya chemba (tundu la nyuma ya mtutu) itoke, uangalie ndani kwa macho, na upapase kwa kidole kidogo. Mpangilio huo usiugeuze. Anayevuta slaidi kabla ya kutoa magazini anaitoa risasi moja na kuingiza nyingine papo hapo, kisha anaamini bastola ni tupu. Hapo ndipo ajali nyingi za wakati wa kusafisha huanzia.

Rivolva ifungue silinda uone matundu yote. Ya mitutu miwili, ifungue kwenye bawaba uone mwanga kupitia mitutu yote miwili.

Risasi zote zipeleke chumba kingine. Usalama ni sababu ya kwanza. Ya pili utaiona mbele: risasi na mafuta havipatani.

Hatua ya 2: Jiulize silaha yako inaishi wapi

Usianzie dukani. Anzia hapa.

*Inayolala kabatini Kisumu, Siaya, Busia au Kakamega.* Kisumu iko mita 1,131 hivi juu ya usawa wa bahari, joto la mchana hukaribia nyuzi 30, na ziwa liko pale pale. Kabati la chuma lililobanwa kwenye ukuta wa nje hupata jasho msimu wa mvua, na ndani yake hewa haitembei. Hapa unataka mafuta yenye dawa ya kuzuia kutu, yanayoacha utando usiokauka kwa wiki kadhaa.

*Inayobebwa kiunoni.* Huyu adui yake ni jasho, na jasho lina chumvi. Upande unaogusa mwili huanza kubadilika rangi kabla ya ule wa nje. Mafuta mazito yatahamia kwenye shati. Utando mwembamba unaofutwa upya kila baada ya siku moja mbili unashinda tone kubwa la kila mwezi.

*Ya shambani, Nakuru, Naivasha, Njoro, Rongai.* Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850, hewa yake ni kavu kuliko ya ziwani, lakini Januari na Februari vumbi la barabara za udongo huingia kila mahali. Karibu na Ziwa Nakuru vumbi hilo huja na magadi, ambayo nayo huvuta unyevu. Mafuta mengi yakichanganyika na vumbi huwa msasa wa majimaji. Hapa kanuni ni kupaka kidogo sana, na sehemu za nje zibaki karibu kavu.

Hatua ya 3: Soma kijitabu kabla ya kusoma kopo

Watu huiruka hatua hii, na mimi nawaelewa, maana maandishi ni madogo na picha hazivutii. Lakini kijitabu kinakuonyesha sehemu gani zinataka tone na zipi hazitaki kabisa. Glock, kwa mfano, huitaka mafuta mahali pachache tu. Tena ikiwa mpya utakuta grisi ya rangi ya shaba ndani ya slaidi, na mtengenezaji anasema isiondolewe, iachwe ifanye kazi. Mnunuzi mgeni huiona ni uchafu, akaisugua yote.

Hatua ya 4: Chagua aina

Hapa ndipo swali lenyewe lilipo, kwa hiyo tukae kidogo.

*CLP.* Herufi hizi husimamia kazi tatu: kusafisha, kulainisha na kulinda. Ni mafuta mepesi yaliyochanganywa na viyeyusho na dawa za kuzuia kutu. Yaliyopita vipimo vya jeshi la Marekani hubeba alama MIL-PRF-63460 kwenye chupa, ukiiona, hujakosea. Yanafanya kila kazi vizuri kiasi, na hakuna anayoifanya kuliko mafuta yote duniani. Kwa mtu mwenye bastola moja, hilo ndilo analotaka. Tikisa chupa kabla ya kutumia, kwa sababu baadhi ya viungo hutuama chini. Muuzaji anayekuuzia risasi ndiye wa kuulizwa kwanza.

*Ballistol.* Ni mafuta ya Kijerumani ya tangu 1904. Uzuri wake ni kwamba hayadhuru mbao wala ngozi, na yanachanganyika na maji hadi yakawa meupe kama maziwa. Mwenye bunduki ya zamani yenye kitako cha mbao ayafikirie. Harufu yake wengine hawaipendi.

*WD-40.* Hiki ndicho kopo kinachopatikana kila duka la vipuri, na ndicho kinachozua ubishi mwingi. Ilibuniwa 1953 kwa kazi ya kufukuza maji, na kazi hiyo inaifanya vizuri mno. Umenyeshewa mvua Kericho ukitoka Nakuru kuelekea Kisumu, bunduki imelowa? Pulizia kwenye kitambaa, futa, maji yatoke. Lakini sehemu kubwa ya kilicho ndani ya kopo huvukizwa na hewa, na utando unaobaki ni mwembamba mno kuilinda silaha iliyofungiwa kabatini miezi. Ukishafukuza maji kwayo, paka mafuta halisi juu yake. Tena hupenya kila upenyo, pamoja na mahali ambapo hutaki mafuta yafike.

*Mafuta ya cherehani.* Si mabaya. Ni mafuta safi ya madini, mepesi, hayagandi kuwa gundi. Yanateleza vyema kwenye reli za slaidi. Yanachokosa ni dawa ya kutosha ya kuzuia kutu. Ukiwa huna kingine yatumie, ila rudia kila wiki mvua zikianza, na usiyategemee kwa silaha inayolala.

*Oili ya injini.* Mpya, hasa ya sintetiki kama 5W-30, hulainisha vizuri kabisa. Wapo walengaji wazoefu wanaoitumia bila tatizo. Kwa silaha ya kiunoni ni nzito kidogo na inachafua nguo. Iliyotumika, ile nyeusi ya gereji, usiisogeze karibu. Ina asidi, ina vumbi la chuma, na kuishika mara kwa mara kunahusishwa na saratani ya ngozi. Kama huijui historia ya kilichomo kwenye ile chupa ya soda, mwachie fundi pikipiki yake.

*Grisi.* Makopo mengi ya grisi ya beringi yameandikwa NLGI 2, na hiyo ndiyo nzito ya kawaida. Inafaa pale penye mgandamizo mkubwa na mwendo mfupi: bawaba ya bunduki ya mitutu miwili, au reli za bastola inayofyatuliwa sana. Kiasi cha kichwa cha kiberiti kinatosha bawaba nzima. Kwenye vumbi la Njoro ningeiacha kabisa, nitumie tone la mafuta na kulifuta.

*Unga wa grafaiti.* Hauvuti vumbi, lakini hauzuii kutu, na ukikaa juu ya fremu ya alumini penye unyevu huchochea alumini kulika. Kwa mkoa wa ziwa, sioni sababu yake.

*Visivyofaa.* Mafuta ya kupikia, hata yawe safi kiasi gani, hukutana na hewa yakawa gundi ya manjano. Mafuta ya kujipaka yenye manukato yana viungo visivyo na kazi kwenye chuma. Mafuta ya breki huvuta maji kutoka hewani na kubandua rangi. Petroli usiiingize ndani ya nyumba. Mvuke wake hutambaa chini hadi ukutane na jiko. Mafuta ya taa yanaweza kuyeyusha masizi yaliyogandamana, nje, mbali na moto, lakini hayalindi chochote: ukimaliza yafute yote, upake mafuta siku hiyo hiyo.

Kama ingekuwa yangu, Kisumu: CLP kwa kila kitu, na Ballistol kwa mbao. Nakuru: CLP ile ile, nusu ya kiasi. Sioni haja ya mtu kujaza droo kwa chupa sita.

Hatua ya 5: Pima kwa misumari kabla ya kuamini maneno ya kwenye kopo

Kama una mafuta mawili au matatu na hujui lipi ni lipi, huhitaji maabara.

Chukua misumari ya kawaida ya mbao. Ile ya mabati haifai, imepakwa zinki. Isugue kwa msasa hadi ing'ae, ioshe kwa sabuni na maji moto, ikaushe, kisha ifute kwa spiriti. Kuanzia hapo usiiguse kwa vidole vitupu, maana alama ya kidole ina chumvi na itaharibu jaribio lote. Paka kila msumari aina moja ya mafuta, ufute kwa kitambaa kikavu ubaki utando tu, kama utakavyofanya kwenye bunduki. Mmoja uache bila kitu. Itundike kwa uzi chini ya ukingo wa paa, mahali ambapo mvua haipigi moja kwa moja lakini ukungu wa asubuhi unafika, na kila uzi uwe na alama yake.

Angalia kila asubuhi. Ule mtupu utaanza kuwa mwekundu mapema. Unachotafuta ni mpangilio wa inayofuata. Ukitaka kuharakisha, au kama silaha yako ni ya kiunoni, koroga nusu kijiko cha chumvi kwenye glasi ya maji na uinyunyizie kidogo kila siku. Hilo linakaribia jasho.

Sambamba na hilo, dondosha tone la kila aina kwenye kipande cha kioo, kilaze mahali pasipo na vumbi, ukiache mwezi. Kisha gusa. Lililobaki na utelezi ni zuri. Linalonata kidole ndilo litakalofunga slaidi yako siku moja.

Misumari si chuma cha bunduki, kwa hiyo usihesabu siku ukasema bastola itadumu vivyo hivyo. Jaribio linalinganisha mafuta na mafuta, halisemi zaidi ya hapo.

Hatua ya 6: Ondoa ya zamani kwanza

Kupaka mafuta mapya juu ya masizi ni kuyapa masizi makao. Fungua silaha kwa kiwango cha kijitabu, usizidi hapo. Mtutu usafishe kutoka nyuma kwenda mbele pale muundo unaporuhusu, ili uchafu usirudi kwenye chemba. Brashi yenye kiyeyusho kwanza, kisha vitambaa hadi kitoke kisafi.

Viyeyusho vina tabia zake. Vile vya kuondoa mabaki ya shaba vyenye amonia huharibu mpako wa nikeli, na asetoni huyeyusha plastiki nyingi. Soma kopo kabla ya kugusa fremu ya polima.

Aliyenunua silaha ya zamani iliyokaa ghalani atakuta grisi nzito ya kuhifadhia imejaza kila tundu. Hiyo lazima itoke yote kabla ya kufyatua, hasa kwenye njia ya pini ya kupigia risasi. Kama hujui kuifungua njia hiyo, mpe muuzaji aliyesajiliwa.

Na ikiwa umetumia risasi kuukuu za kijeshi, zenye viwashio (kile kitako kinachogongwa na pini) vya aina ya zamani, mtutu umebaki na chumvi ambayo mafuta hayaiyeyushi. Maji ndiyo yanayoiyeyusha. Osha mtutu kwa maji moto yenye sabuni, ukaushe kabisa, upake mafuta, na ufanye hivyo siku ile ile uliyofyatua.

Hatua ya 7: Paka, kwa ubahili

Kopo la kupulizia lielekeze kwenye kitambaa, si kwenye bunduki. Kwa tone, tumia chupa yenye mdomo wa sindano au kijiti cha masikio.

Tafuta mahali panapong'aa kwa kusuguana. Chuma chenyewe kinakuonyesha panapohitaji. Kwa bastola ya kawaida ni reli za slaidi, sehemu ya nje ya mtutu karibu na mdomo, na pale mtutu unapojifunga ndani ya slaidi. Tone moja kila mahali, lisambaze kwa kidole chenye glavu. Bunduki ya kupampu inataka tone kwenye fito zinazobeba mkono wa kupampu. Ya bolti, nyuma ya meno ya bolti na kwenye mwili wake. Rivolva, mhimili wa silinda, na hapo kidogo kweli.

Rudisha silaha pamoja, vuta slaidi mara kadhaa, halafu futa chochote kilichotokea nje. Sehemu za nje zipitie kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Ukiweza kuona mafuta yametulia, ni mengi. Ukigusa ukahisi utelezi bila kuona kitu, hapo pametosha.

Chuma cha pua kisikudanganye. Nacho hushika kutu, hasa kwa jasho, na kinaposuguana na chuma cha pua kingine kavu hukwaruzana vibaya kuliko chuma cha kawaida. Bastola za slaidi nyeusi yenye mpako mgumu nazo zina springi na pini ndogo ndani ambazo hazina mpako huo.

Hatua ya 8: Sehemu za kuacha kavu

- Njia ya pini ya kupigia risasi. Mafuta humo hupunguza nguvu ya pini na kukusanya masizi.
- Chemba na ndani ya mtutu kabla ya kufyatua. Kwa kuhifadhi, utando mwembamba ni sawa, lakini pitisha kitambaa kikavu siku ya kwenda uwanjani.
- Ndani ya magazini. Futa kwa kitambaa kikavu. Springi yake inaweza kupata utando tu, usioonekana.
- Risasi zenyewe. Kamwe. Mafuta mepesi yanaweza kupenya hadi kwenye kiwashio na kuua baruti yake.
- Mbao, isipokuwa kwa Ballistol. Mafuta mengine ya madini hulainisha kitako na kukitia weusi pale kinapokutana na chuma. Ukitumia mafuta ya kitani kwa kitako, vitambaa vyake vitandaze nje vikauke. Vikirundikwa ndooni vinaweza kujiwasha moto vyenyewe.

Hatua ya 9: Ihifadhi, na ujiwekee ratiba

Usiihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi wala boksi lenye sponji. Ngozi hushika unyevu na ina dawa za kutengenezea zinazokula chuma. Sponji nayo ni chombo cha maji kilichovaa suti. Iweke wazi ndani ya kabati la chuma lililofungwa, pamoja na vipakiti vya kukausha, na kabati lisigusane na ukuta wa nje kama unaweza kulisogeza likiwa bado limefungwa imara.

Kisumu na Magharibi, kuanzia Machi hadi Mei, ifute kila wiki mbili. Miezi mingine, mara moja kwa mwezi. Ya kiunoni, ifute ukiivua. Iliyonyeshewa haingoji kesho.

Ukipata shida

*Madoa ya rangi ya chungwa yameota juu.* Tia mafuta, yaache saa moja, usugue taratibu kwa mswaki, na ikigoma tumia sufi ya chuma laini kabisa, namba 0000, ikiwa imelowa mafuta. Rangi ya bunduki inaweza kufifia hapo. Kama kutu imechimba mashimo ndani ya mtutu au chemba, acha kuitumia ikaguliwe.

*Slaidi inarudi kwa uvivu.* Mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyokuwa gundi. Usiongeze mengine juu. Rudi hatua ya 6.

*Pini inagonga, risasi hailii.* Shikilia mtutu kuelekea kwenye shabaha kwa sekunde 30 zote, kwa maana baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Kisha toa magazini, toa risasi. Alama ya pini ikiwa hafifu, shuku mafuta kwenye njia ya pini au springi iliyochoka. Ikiwa alama ni ya kina, shuku risasi.

*Moshi mwingi kwa risasi ya kwanza.* Hukukausha mtutu. Ukirudia tabia hiyo na mafuta mengi humo, mgandamizo ndani ya mtutu unaweza kupanda kupita inavyotakiwa.

*Shati lina madoa kila jioni.* Unapaka mengi mno. Futa kwa kitambaa kikavu, na uache sehemu inayogusa nguo na utando tu.

*Kutu upande mmoja tu.* Ndio unaogusa mwili, au ndio ulioegemea sponji. Mafuta hayana kosa. Badilisha mahali inapokaa.

*Maganda ya risasi yamekuwa ya kijani.* Yamekaa kwenye mkanda wa ngozi. Usiyapake mafuta wala usiyasugue ukayarudisha kazini. Risasi hizo, pamoja na zile zilizolowa mafuta kwa bahati mbaya, hazitupwi chooni wala hazizikwi shambani. Zipeleke, zikiwa zimehesabiwa, kwa muuzaji aliyesajiliwa au kituo cha polisi, uende na cheti chako mfukoni.